Kabla Hujaelekeza Kamera kwenye Bunduki

Vijana wanaonijia hapa Malindi wakitaka kujifunza kazi ya kuripoti huja na maswali ya vifaa: simu gani inatosha, maikrofoni ya bei gani, droni inaombewa kibali wapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za bunduki. Nami nimekuwa nikizipelekea stesheni za televisheni habari kutoka pwani hii miaka mingi, nikilipwa kwa kila habari inayopeperushwa, na sijaona mada inayoharibika upesi kama hiyo. Mara nyingi maneno ya mwandishi huwa sahihi kabisa. Picha ndiyo inayopotosha.

Chukua kisa cha kawaida. Mfanyabiashara mwenye leseni anaibiwa bastola yake ndani ya gari. Mwandishi anatuma sauti ya polisi na picha ya kioo kilichovunjwa. Meza ya habari Nairobi inaona picha imepoa, inachokora maktaba, na kwenye taarifa ya saa moja jioni unaona bunduki za AK-47 zimelazwa juu ya turubai, risasi zimepangwa safu kwa safu, pengine zilinaswa Bonde la Ufa miaka iliyopita. Mtangazaji anasema "bastola yenye leseni", na jicho linaona ghala la majangili. Kesho kwenye kahawa utaambiwa yule bwana alikuwa na silaha za vita, na ukibisha utaambiwa, "Aa, mimi nimeona kwa macho yangu!"

Kwa hiyo usitume habari ya bunduki bila picha zako mwenyewe za kutosha. Mlango wa kituo, mikono ya mwenye mali, kabati la chuma lililofungwa, cheti ambacho namba yake imezibwa. Ukiacha pengo mhariri atalijaza, na atalijaza kwa kitu kinachotisha, kwa sababu ndicho kilichomo maktaba. Wakilazimika kutumia picha ya zamani, omba iandikwe kwenye skrini kwamba ni ya maktaba. Hupewi kila mara, lakini omba. Kanuni za maadili zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinadai usahihi, na zina kifungu mahususi kuhusu matumizi ya picha na majina pale mtu anapoweza kudhurika. Ukimtajia mhariri kifungu, hukusikiliza zaidi kuliko ukimlalamikia.

Jambo la pili ni kujua bunduki unayoiripoti ni ya nani, kwa karatasi gani. Kenya inaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Raia haruhusiwi kununua wala kuwa na bunduki bila cheti, na cheti hicho si cha maisha: hulipiwa na kufanywa upya, na hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi anachoruhusiwa mwenyewe kuwa nacho. Anayetoa ni Bodi ya Leseni za Silaha. Desemba 2018 Serikali iliwaamuru wenye leseni wote wajitokeze kuhakikiwa upya ndani ya siku 90, wakaulizwa upya mambo ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuyajibu zamani. Hilo televisheni ililitangaza vizuri kwa siku moja. Lililofuata, foleni, alama za vidole, watu wazima waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karatasi, halikuonekana kuwa habari.

Halafu kuna tarakimu ambayo kila mwandishi wa Kenya angefaa kuijua. Small Arms Survey, taasisi ya utafiti iliyoko Geneva, ilikadiria mwaka 2017 kwamba mikononi mwa raia wa Kenya kulikuwa na bunduki kama 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa zaidi kidogo ya 8,000. Makadirio ni makadirio, lakini hata ukiyapunguza nusu, bunduki yenye cheti ni tone tu. Ukisimama mbele ya kamera ukasema "bunduki zimezagaa mikononi mwa raia" huku nyuma yako kuna duka halali la silaha, umechanganya vitu viwili ambavyo hata havijuani.

Lamu mambo yana sura nyingine tena. Kule kuna polisi wa akiba, watu wa kijijini waliokabidhiwa bunduki na Serikali walinde vijiji vyao, hasa vilivyo jirani na msitu wa Boni. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, kila anayepita na kamera huwapiga picha. Ni wakulima na wavuvi, bega moja jembe, bega la pili bunduki, kanzu au shati la kawaida. Nimeona picha zao zikipewa maelezo "raia waliojihami". Hawakujihami wenyewe, wamepewa silaha. Bunduki ile ni mali ya Serikali, imeandikwa kwenye daftari la kituo, na siku akiambiwa airudishe atairudisha. Mwenye leseni alinunua yake kwa pesa zake. Jambazi hana daftari. Ukiwatia watu hawa watatu kwenye sentensi moja, umewakosea wawili kati yao.

Shambulio la magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, nafikiri, ndilo lililotuonyesha jinsi televisheni isivyojua imweke wapi raia mwenye bastola. Jumamosi ile, tarehe 21 Septemba 2013, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwamo raia wenye leseni. Saa za mwanzo mtazamaji wa Malindi alimwona mwanamume aliyevaa kiraia, kashika bastola, anakimbia kwenye korido, na hakuwa na namna ya kujua ni mshambuliaji au mwokoaji. Siku chache baadaye mmoja wao, Abdul Haji, ambaye leo ni seneta wa Garissa, akawa uso wa ushujaa dunia nzima. Alistahili sifa. Ila tazama: televisheni ina makabati mawili tu ya kumhifadhia mtu mwenye bunduki, la jambazi na la shujaa. Mwenye duka la dhahabu anayefunga bastola yake usiku na kuifungua asubuhi kwa miaka ishirini bila kuifyatua hana kabati.

Na anayelenga shabaha kama mchezo ndiye hana kabisa pa kuwekwa.

Niliwahi kwenda na mwenzangu wa stesheni nyingine kwenye uwanja wa shabaha upande wa Mombasa. Tulifika tukitarajia kelele. Tulichokuta ni kungoja. Bendera nyekundu juu, watu wamepanga mstari, na msimamizi anatoa amri kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka. Mlio wa risasi, kisha mlio, kisha ukimya mrefu. Akisema basi, kila mtu anatoa magazini, anaivuta bunduki wazi, anamwonyesha msimamizi kwamba haina kitu ndani, anailaza mezani, anarudi nyuma ya mstari mweupe. Msimamizi anapita moja moja akichungulia. Ndipo watu wanaruhusiwa kutembea hadi kwenye karatasi za shabaha kuhesabu matundu, na wakati huo hakuna anayegusa silaha, hata kuisogeza kidogo. Wakirudi, mzunguko unaanza upya.

Mwenzangu alichoka mapema. Alimwendea mama mmoja wa makamo, mtandio wake umebanwa na vifunika masikio, akamwomba ageuke aielekeze bastola kwenye lenzi, "tupate picha nzuri, mama". Yule mama alicheka, akadhani ni utani. Msimamizi hakucheka. Alikuja akasimama kati yao, akasema: "Hapa bunduki haielekezwi kwa mtu, iwe na risasi, isiwe na risasi, wala kwa kamera yako." Tuliondolewa kando tukapiga picha kutoka nyuma. Habari ilipopeperushwa ilikuwa na sekunde chache za mifyatuo iliyokatwa ikaunganishwa, na ngoma chini yake. Kungoja hakukuwamo, bendera haikuwamo, yule bwana aliyekataa hakuwamo. Mchezo wote ulikuwa ndani ya vile vilivyoachwa.

Hapo pana tabu ya kweli, sikatai. Televisheni inataka kitu kinachosogea, na mchezo huu mtu hushinda kwa kutosogea. Kwenye bunduki ya upepo ya mita 10, ile ya Olimpiki, risasi ina kipenyo cha milimita 4.5 na kitovu cha alama kumi ni nukta ya nusu milimita. Mshindani ana dakika 75 za kupiga risasi 60. Utaonyeshaje? Onyesha karatasi yenyewe kwa karibu, tundu limekula ile nukta. Onyesha kidole kinachosubiri pumzi itue. Rekodi ukimya, uache usikike; usiufunike kwa muziki. Muulize mchezaji leo imemtoka vipi, naye atakueleza habari za usingizi, chai na mapigo ya moyo, maana ndiyo anayopambana nayo.

Paris 2024 ilitupa nafasi tukaichezea. Mturuki Yusuf Dikeç, mwenye umri wa miaka 51, alionekana kalenga kwa mkono mmoja, mkono wa pili mfukoni, bila zile lenzi maalumu za wenzake, na dunia nzima ikafanya kichekesho. Hapa Malindi hata watoto wa madrasa walikuwa wakimwiga. Lakini kutia mkono mfukoni ni kawaida kwa walenga bastola, kunautuliza mwili. Na alikuwa akishiriki Olimpiki tangu 2008. Medali ile ya fedha aliipata pamoja na mwanamke, Şevval İlayda Tarhan, ambaye wengi walimsahau siku ile ile. Yote hayo yangetosha dakika mbili nzuri za michezo. Tulipata sekunde kumi za kicheko.

Msichanganye pia mchezo huu na uwindaji. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Ile picha ya bwana mwenye kofia amesimama juu ya nyati ni ya zamani, au ni ya nchi nyingine. Vilevile mjadala wa Marekani muuache Marekani. Taasisi ile ile ya Geneva iliwakadiria kuwa na bunduki kama 120 kwa kila watu 100. Sisi kama moja na nusu. Mwandishi anayewaweka wageni wawili studioni wabishane "bunduki ndiyo au hapana" amekopa vazi la mtu mwenye mwili mwingine.

Msinielewe kwamba nawatetea wenye bastola. Wapo wanaoipenda kamera mno, wanaoacha koti wazi makusudi mkiwahoji habari ya barabara mbovu. Usiwape hiyo picha. Na bastola yenye leseni ikimuua mke ndani ya nyumba, sema ilikuwa na leseni, useme waziwazi, kisha uulize nani aliifanya leseni ile upya na mara ya mwisho lini. Swali hilo ni zito kuliko bunduki zote za kwenye turubai. Nimeliona likiulizwa mara chache sana.

Tahadhari: usionyeshe nyumba ya mwenye silaha, wala namba ya gari lake, wala mahali anapoifungia. Wezi nao hutazama taarifa ya saa moja.

Mkipata ruhusa ya kwenda uwanjani, pigeni simu kabla, vaeni viatu vya kufunika, na mwulizeni msimamizi mstari uko wapi kabla ya kufungua mkoba. Maikrofoni ya simu haivumilii mlio wa karibu, hutoa mkwaruzo mtupu. Shusha kiwango cha sauti, usimame mbali, ujaribu kwa mlio mmoja kwanza. Na chukua vizibo vya masikio vyako mwenyewe. Wachezaji huja navyo, watu wa kamera ndio husahau.