Damu ya Kwao: Jibu kwa Dada wa Malindi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Malindi aliniandikia ujumbe mrefu, na sentensi moja ndani yake ikaninyima usingizi. Mtoto wake wa miezi saba amekutwa na tundu moyoni. Yeye na mumewe ni watoto wa ndugu wawili, na hata hivyo wakwe wameshakata shauri kwamba kasoro hiyo imetoka upande wa mama. "Wananiambia ni damu ya kwetu," aliandika. Wamesahau kwamba babu ni mmoja! Nilicheka kidogo, kisha nikakumbuka kwamba nami niliambiwa maneno hayo hayo hapa Lamu, na miaka kumi haijayafuta.

Nianze na mwanangu. Alipokuwa na miaka mitatu alikuwa akiwafuata wenzake wakimkimbiza punda kichochoroni, na baada ya hatua ishirini hivi huwaacha, akaja kuchuchumaa mbele ya daka letu, magoti yamegusa kifua, midomo imegeuka rangi ya zambarau, akihema mpaka rangi imrudie. Tuliona ni uvivu. Babu yake akampa jina la utani, "Mzee". Hatukujua kwamba mtoto alikuwa akijitibu mwenyewe, kwani mtu akichuchumaa mishipa ya miguu hubanwa, shinikizo la damu iendayo mwilini hupanda, na damu nyingi zaidi hulazimika kupita mapafuni kuchukua oksijeni. Ugonjwa wake unaitwa tetralojia ya Fallot, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1888: kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia ya kwenda mapafuni imebanwa, mshipa mkuu umekaa juu ya lile tundu, na ukuta wa chumba cha kulia umenenepa kwa kazi nzito.

Alipokuwa mchanga alishikwa na degedege mara mbili. Mavyaa alileta kombe, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani, tukamnywesha. Sijuti kwa kombe, dua ni dua. Najuta kwamba hakuna aliyempima damu, maana baadaye ilibainika kwamba kalsiamu yake ilikuwa chini mno.

Habari za boti hadi Mokowe, mabasi, harambee na foleni ya upasuaji sitazisimulia. Alipasuliwa Nairobi akiwa na miaka minne. Leo ana miaka kumi na mitatu, na mwezi uliopita alikuwa wa nne katika mbio za shule, nami nikapiga vigelegele hadi mwalimu mkuu akageuka kunitazama.

Kilichobaki kunitafuna ni swali la sababu. "Kwetu hakuna moyo mbovu," mavyaa alisema mbele ya wageni, na baadaye akawa halisemi tena kwa kuwa watu wote walikuwa wamekwisha kulisikia. Nilihesabu jamaa zangu mmoja mmoja nikitafuta mgonjwa wa moyo. Nilikumbuka kila kidonge nilichomeza na kila ngazi niliyopanda nikiwa na mimba. Ndipo daktari mmoja, alipounganisha moyo, degedege na sauti ya mtoto inayotokea puani, akaagiza kipimo cha kromosomu, yaani nyuzi zilizobeba urithi wetu ndani ya seli. Jibu likaja kwamba katika kromosomu ya 22 mwanangu amekosa kipande kidogo, ambamo mna jeni, yaani agizo moja la urithi, iitwayo TBX1, mojawapo ya zile zinazosaidia kuunda mishipa mikubwa itokayo moyoni. Tukaambiwa kwamba kwa watoto tisa kati ya kumi upungufu huo hutokea upya, haukutoka kwa baba wala kwa mama, ila ni vyema wazazi wapimwe.

Mimi nilikuwa salama. Mume wangu alikuwa amekosa kipande kile kile.

Nakiri, naye ameniruhusu kuandika haya, kwamba nilipoisoma ile karatasi nilifurahi. Niliikunja nikaitia mkobani kama hati ya shamba, nikaanza kupanga nitaingiaje nayo kwa mavyaa. Kisha nikamtazama mwenye karatasi. Mtu aliyeitwa king'ong'o tangu utotoni, chuo cha Kurani, wala asijue kwamba sauti yake ya puani na ugonjwa wa mwanawe ni jambo moja, aliniuliza taratibu, "Kwa hiyo ni mimi?"

Moyo wake yeye hauna kasoro yoyote. Hapa ndipo wanaotafuta wa kumlaumu wanaposhindwa, kwa sababu kipande ni kile kile, na moyo mmoja ni mzima, wa pili umetoboka. Wamepatikana hata pacha wa kufanana ambao wote wawili wamekosa kipande hicho, mmoja akazaliwa na kasoro ya moyo na mwenzake bila. Jeni peke yake haitoi hukumu yote.

Sehemu ya maelezo inatafutwa katika epijenetiki, yaani namna jeni zinavyofunguliwa na kufungwa bila maandishi yake kubadilika. Fikiria ukili uliosukwa na kuzungushwa. Ulio nje ya mviringo unashonwa mkeka, ulio ndani kabisa haufikiwi na sindano hadi uufungue. Vivyo hivyo uzi wa DNA umezungushiwa protini ziitwazo histoni, na alama ndogo za kikemia huamua ni wapi pakazwe na wapi palegezwe. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichunguza watoto 362 wenye kasoro kali za moyo pamoja na wazazi wao, wakakuta mabadiliko mengi kuliko ilivyotarajiwa katika jeni zinazoshughulikia histoni, tena mabadiliko mapya ambayo wazazi hawakuwa nayo. Basi hapo utalaumu ukoo gani?

Mambo ya nje nayo hugusa alama hizo. Valproeti, dawa ya kifafa, huzuia vimeng'enya vinavyokaza histoni, na inajulikana kuongeza hatari ya kasoro za moyo. Anayeitumia amwone daktari kabla ya kubeba mimba, asiiache mwenyewe. Sukari isiyodhibitiwa ya mama mwenye kisukari huongeza hatari hiyo mara kadhaa. Asidi ya foliki husaidia kutengeneza alama zenyewe, na inafaa ianzwe kabla ya mimba, kwa sababu moyo huanza kupiga katika wiki ya nne na umbo lake hukamilika kwa sehemu kubwa kufikia wiki ya nane, wakati wengine wetu ndio kwanza tunahesabu siku zilizopita.

Dada yangu, kuhusu ndoa ya binamu sitakudanganya: huongeza uwezekano wa kasoro za moyo, kwa kuwa jeni moja yenye hitilafu inaweza kumfikia mtoto kutoka pande zote mbili. Lakini watoto wengi wa binamu huzaliwa wazima, na yapata mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo duniani kote, hata kwa wasiojuana koo. Usiachike kwa ajili ya tundu, ambalo huenda likajifunga lenyewe, kama mengi madogo yanavyofanya. Mpeleke mtoto apigwe picha ya moyo, umuulize daktari kama kuna haja ya kipimo cha kromosomu, na ukiambiwa ipo, kapimeni wote wawili, wewe na mumeo, siku moja, katika chumba kimoja. Na kabla ya mimba nyingine kapimeni sukari, ukahakikishe una kinga ya rubela, ugonjwa wa virusi unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kapimeni, nasema tena, maana mdomo wa wifi si maabara.

Ile karatasi sikumpelekea mavyaa. Mwanawe ndiye aliyemwambia, nami sikuwepo. Hajaniomba radhi hadi leo, na sitasema kwamba hainiumi. Kila Ijumaa huleta mkate wa sinia, hukaa dakani na mjukuu wake, akamkatia kipande cha kati kilicho laini, nami huwatilia chai.