Jibu: Kwanjula imeshafanyika, harusi ya kanisani tuanzie wapi?

Ndugu, umeuliza kama baada ya kwanjula (sherehe ya Kiganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba wake kwa familia yake) mnaweza kuishi pamoja huku mkichanga fedha za harusi. Kimila mmeoana, na sheria ya Uganda inaitambua ndoa hiyo. Ila kanisa lako halitakuhesabu hivyo, na wengi hukaa miaka wakitengwa na meza ya Bwana kwa sababu ya gharama za hema na keki tu. Keki si sakramenti!

Anza na kanisa lenyewe: lina leseni ya kufungisha ndoa? Makanisa mengi madogo hayana, na cheti chao hakitakusaidia URSB, ofisi ya serikali inayosajili ndoa Uganda. Pili, linganisha majina. Cheti cha ubatizo kikisema "Yohana" na kitambulisho cha taifa kikisema "John", rekebisheni mapema, maana hapo ndipo watu hukwama wiki ya mwisho. Mkatoliki achukue cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia alikobatizwa, si kile cha zamani kilicho sandukuni, kwa kuwa ndoa huandikwa kwenye daftari la ubatizo na padri anataka kuona kama pana jina la mwingine. Kwa Waanglikana, matangazo ya ndoa husomwa kanisani Jumapili tatu. Siku yenyewe wanahitajika mashahidi wawili, milango wazi, kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Ili kukwepa gharama za hema na keki, muulize mchungaji kuhusu kufunga ndoa ndani ya ibada ya kawaida ya Jumapili. Wazee watanung'unika kidogo. Wapikieni pilau nyumbani.