Msimwage JIK kwenye taka za kuchoma

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ni muuguzi wa zahanati iliyo kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Kila mwenye homa tunampima malaria, na kila mjamzito VVU na kaswende. Taka za vipimo tunazichoma kwa mafuta ya taa shimoni nyuma ya jengo. Fundi anatuuzia pipa la kuchomea, na anasema taka zikimwagiwa JIK (dawa ya klorini ya kuua vijidudu) kwanza, moshi hauna madhara. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, na ushauri huo unaongeza sumu.

Kila zahanati inaniuliza juu ya vijidudu kwenye moshi. Vijidudu vinakufa motoni. Kinachoponyoka ni dioksini, sumu inayozaliwa klorini inapoungua pamoja na plastiki kwenye moto hafifu. Inasababisha saratani, inadumu miaka mingi na kujikusanya kwenye mafuta ya samaki na maziwa. Kaseti ya mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, kwa kawaida ni plastiki ya polistirini: masizi yake yanaumiza mapafu, lakini klorini haina. Klorini mnaileta wenyewe kwa JIK, glovu za vinaili na mirija ya dripu.

Na pipa la lita 200 lililotobolewa matundu halijawa kichomea taka, hata likipakwa rangi. Kichomea kina vyumba viwili: cha kwanza kinaunguza taka, cha pili kinaunguza moshi wenyewe, kwa nyuzijoto 850 hadi 1,100. Hata hicho kikilishwa kabla hakijapata moto, au kikishindiliwa taka mbichi kwa mkupuo, hakina tofauti na pipa. Kipasheni kwanza kwa kuni kavu, kisha mlishe kidogo kidogo. Moshi mweusi ukitoka bombani, acheni kulisha.

Kupima msipunguze. Kinachopungua ni taka za kuchoma, na hilo linaanzia mezani pa kupimia: Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida tu. Lanseti, kile kisindano cha kutobolea kidole, iingie kwenye sefti boksi (boksi gumu la vitu vyenye ncha kali) papo hapo, isipitie kwenye trei. Boksi lifungwe likifika robo tatu, kwa sababu likijaa pomoni ncha zinatokeza na kumchoma anayelibeba. Kaseti, pamba na glovu ziende ndoo ya njano, ya taka zenye maambukizi. Maboksi, karatasi za maelezo na pakiti za foili zisizogusa damu ziende ndoo nyeusi, ya taka za kawaida.

Sefti boksi zilizofungwa zitunzwe chumba chenye kufuli, kisha zipelekwe kwenye kichomea halisi cha hospitali, zisipakiwe pamoja na chanjo. JIK ni ya damu iliyomwagika mezani au sakafuni: ile ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6.

Kinachonitia hofu zaidi ni hilo shimo lenu, hasa kama liko mteremkoni. Lanseti haiungui, inabaki kwenye majivu ikiwa kali vilevile, na mvua kubwa inashusha kila kitu ziwani, mnakoteka maji. Ziwa Tanganyika linatoa maji kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, kwa hiyo kinachoingia humo kinakaa vizazi. Shimo la majivu liwe angalau mita 50 kutoka chanzo cha maji, na kitako chake kisikaribie maji ya ardhini.

Shimo mlilonalo msilichimbue kutafuta vyuma. Lifukieni kwa udongo wa kushindiliwa, mchimbe mfereji wa kuepusha maji upande wa juu, mzungushie uzio watoto wasiingie.