Kabla ya Kununua Springi, Ipeleke Pikapu Mizanini

Safari ya kwanza niliyoifunga pikapu yangu vifaa vyote vya kambi, ilichuchumaa nyuma kama ng'ombe anayetaka kulala. Usiku taa za mbele zikawa zinamulika matawi ya miti badala ya njia. Kila shimo lilileta kishindo kizito kutoka chini: ekseli ya nyuma ilikuwa inagonga zile raba za kuzuia, kwa sababu springi hazikuwa tena na nafasi ya kushuka. Niliporudi nikanunua springi ngumu kuliko zote nilizozipata, na hapo ndipo nilipokosea.

Springi zile zilikusudiwa gari linalobeba kilo 500 za kudumu. Siku nilizoshusha hema, maji na friji, gari lilirukaruka nyuma hata kwenye tuta dogo, na tairi isiyogusa ardhi sawasawa haishiki njia. Kwenye kona moja yenye maji nilihisi mkia ukiteleza, watoto wakiwa kiti cha nyuma. Wiki ile ile nilirudi kwa fundi.

Fundi huyo hakuniuliza nataka gari linyanyuke kiasi gani. Aliniuliza, "Lina uzito gani?" Sikuwa na jibu. Basi nikalipeleka kwenye mizani ya malori, nikapima magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma, kisha gari zima. Nawe fanya hivyo, tangi likiwa limejaa mafuta na watu wote wakiwa ndani, kwa sababu abiria nao ni mzigo. Mimi nilidhani nimeongeza kama kilo 150. Tulipoorodhesha tukapata hivi: kava la nyuma 80, hema la juu 60, friji na chakula chake 45, maji lita 60 ambazo ni kilo 60, betri ya pili 25, vyombo vya ufundi 40. Jumla kilo 310, na karibu zote zililala nyuma.

Kati ya hizo, tenga zinazokaa kwenye gari siku zote na zile za safari tu. Springi huchaguliwa kwa ule mzigo wa kudumu. Kwangu mimi ni kava, betri na vyombo, yaani kama kilo 145, nami nikachukua springi za mabapa (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) zilizotengenezwa kwa mzigo wa kati. Nikipakia vya safari gari linashuka kidogo, lakini halikai tena juu ya raba.

Jambo jingine ambalo wauzaji wengi hulipita haraka: springi mpya haziongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Breki ni zile zile, ekseli ni ile ile, chasisi ni ile ile. Ukishavuka kikomo kilichoandikwa na mtengenezaji, dawa ni kupunguza mizigo. Ninaogopa zaidi ile mifuko ya upepo inayoongezwa juu ya springi za mabapa ili kunyanyua gari lililozidiwa. Springi ya bapa hugawa mzigo kwenye sehemu mbili za chasisi, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko hukusanya sehemu kubwa ya mzigo mahali pamoja katikati. Weka mizigo mizito nyuma kabisa, pita kwenye mashimo kwa kasi, na chasisi inaweza kupinda. Maji na betri visogeze karibu na kebini ya dereva.

Sasa shokapu, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazostahili pesa yako ya kwanza. Springi hubeba, shokapu hutuliza. Kila springi inapocheza, shokapu hugeuza ule mchezo kuwa joto ndani ya mafuta yake. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati, pistoni hupanda na kushuka bila kupumzika, mafuta yanapata moto sana na kuchanganyika na hewa hadi yanakuwa povu, na povu halizuii kitu. Utaijua hali hiyo: gari lililokuwa limetulia asubuhi linaanza kuelea kama mtumbwi kufikia mchana. Simama, acha zipoe. Usishike shokapu kwa mkono, itakuunguza. Shokapu nene zenye mafuta mengi na gesi ya naitrojeni huchelewa kufika huko, ilimradi zimelinganishwa na springi ulizofunga. Zangu za awali zilivuja katika safari ya pili, baada ya kulazimishwa kuzituliza springi ngumu ambazo hazikuumbiwa.

Kuhusu kunyanyua gari, milimita 40 hadi 50 zinatosha watu wengi. Na kumbuka kwamba springi hunyanyua bodi tu. Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hubaki umbali ule ule kutoka ardhini, kwani hilo huamuliwa na ukubwa wa tairi. Ukipanda zaidi, sivii jointi za mbele, yaani viungo vinavyozungusha magurudumu, hufanya kazi kwa pembe kali na kuchakaa mapema, mipira ya breki huvutika, na usukani hupoteza ule utulivu wa kurudi katikati wenyewe. Angalia pia kama pikapu yako ina vali ya breki inayounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Vali hiyo husoma mzigo kwa kupima umbali kati ya bodi na ekseli. Ukinyanyua bodi bila kuirekebisha fimbo, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma, wakati umepakia hadi juu.

Siku ya kufunga, simama karibu na fundi. Bolti za bushi, zile raba za kwenye maungio ya springi, zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likining'inia, bushi hujipinda muda wote na kupasuka. Yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, maana za zamani zimeshavutika. Kisha pima mpangilio wa magurudumu, na ushushe taa.

Mimi hupima kimo cha gari kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, na kuandika ndani ya mlango. Baada ya kilomita 500 za kwanza nilikaza yubolti upya, na mbili zilikubali karibu robo mzunguko. Tangu hapo spana ile inakaa chini ya kiti changu, pamoja na kipima upepo, kwa sababu kabla ya kuingia njia ya vumbi huwa napunguza upepo wa tairi, na mwendo pia.