Mleta uzi, shuka kwanza hapo kwenye kona ya soya

Shuka. Nimesoma swali lako nikiwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga hapa Mwanza na nimeshindwa kungoja nifike nyumbani. Unasema Septemba unakwenda Wisconsin, Marekani, kwa shemeji yako, mmepewa ruhusa ya kuwinda ayala kwa upinde kwenye shamba la mzee mmoja, kamera inamwonyesha dume mkubwa akiingia kwenye soya kila jioni mwezi huu wa nane, na mmeshakubaliana kiti cha kuwindia kifungwe juu ya ule mti wa kona "maana hapo unaona shamba lote". Halafu ukauliza na mambo ya viatu, asubuhi au jioni, ncha za mishale, sijui nini.

Kiti kama hicho cha kona nimekikalia mimi. Kilinimalizia likizo ya siku kumi isiyo na malipo, na hela ya kibali, na heshima yangu yote kwa watu wa zamu yangu.

Kwa wale waliochangia huko juu wanaouliza kama huyu mnyama ni swala: si swala. Ni yule ayala wa kwenye Zaburi. Wengine mnamwita kulungu, ingawa kulungu wetu pembe zake ni za kudumu na huyu zake hudondoka kila mwaka zikaota nyingine. Tuendelee.

Ilikuwa 2016. Nilikuwa nakamua ng'ombe kwenye shamba la maziwa hukohuko Marekani, na kijana mmoja wa zamu yangu akanionyesha video za jamaa wa mtandaoni mwenye sauti ya mhubiri. Jamaa anasema mwanzo wa msimu ni mteremko: wanyama bado hawajasumbuliwa, jioni wanakuja kula palepale, wewe kaa pembeni ya chakula, basi. Na ni kweli! Ndiyo maana uongo wake mtamu. Kitu ambacho hakusema, na ningemkuta pale Kirumba, kwetu Mwanza, angenilipa hata nauli, ni kwamba video zake zinakatwa mnyama akishaanguka. Hujawahi kumwona akishuka mtini siku ambayo hakupiga kitu. Na siku za kutopiga kitu ndizo karibu zote.

Siku ya kwanza nilipanda saa tisa na nusu alasiri. Mkanda wa kunifunga kwenye mti nilivaa (na wewe vaa, hilo sibishani na mtu). Mbu wa kule Septemba usiwadharau, hawana malaria ila wana roho ya malaria. Saa kumi na mbili na nusu wakaanza kutoka msituni: majike wawili, watatu, mpaka wakafika wanane na watoto wao, yale madoa meupe ya watoto yameanza kufifia. Mwisho akatoka dume. Pembe ameshazisugua ile ngozi laini inayozifunika kiangazi, kimebaki kipande kimoja kinaning'inia kwenye ncha kama utepe. Mita sitini. Mimi na mkono wangu, mwisho mita ishirini na tano. Nikasema moyoni, kesho atapita karibu. Jua likazama, giza likaingia.

Hapa soma polepole. Giza likishaingia sheria hairuhusu kupiga, kazi imekwisha, unatakiwa uende nyumbani ukale. Lakini wao hawajui kama kazi imekwisha. Shamba zima limejaa wanyama, wako katikati yangu na gari, wanakula soya kama harusi ya mjomba wao. Mmoja yuko chini ya mti wangu kabisa, namsikia anavyokata jani: kap, kap, anatulia, kap. Nikakaa. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Mkojo umenibana mpaka machozi. Saa tatu kasoro nikaanza kushuka, kikombe cha chupa ya chai kikagonga ngazi ya chuma, ting! Yule wa chini akapuliza pua kama Fuso linatoa upepo, mkia mweupe juu, shamba lote likaondoka kwa mpigo.

Nikajiambia ni bahati mbaya. Siku ya pili hivyohivyo, ila safari hii walichelewa kutoka. Siku ya tatu jike mmoja mzee akafika ukingoni, akasimama, hakuangalia soya hata kidogo. Akaangalia juu ya mti. Akapiga kwato la mbele chini, tii, tii, akageuka na watoto wake wote. Siku ya nne mpaka ya kumi niliona sungura na mwenye shamba. Na kamera ikaninyanyasa zaidi: dume anaingia kwenye soya saa saba na dakika kumi na mbili usiku. Hakuhama. Alibadilisha zamu tu, na aliyempangia zamu ya usiku ni mimi.

Kinachoniuma ni kwamba mimi ni mtoto wa Kayenze, mzee wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Nani atanifundisha upepo? Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku nchi ikipoa unageuka kwenda ziwani, hilo mtoto wa darasa la pili kwetu anajua. Kule kwenye kilima ni mambo hayohayo, ziwa tu ndilo halipo. Jua likiwaka hewa inapanda mlima, jioni ikipoa inateremka bondeni na kufuata mitaro kama maji ya mvua. Kiti changu kilikuwa juu ya mteremko, soya iko chini. Saa kumi na moja jioni nilirusha manyoya ya mbegu fulani za kule, laini kama sufi, yakaelea nyuma yangu kwenda msituni. Nikaridhika. Sikurusha tena! Ningerusha saa moja kasoro ningeyaona yanateremka taratibu mpaka kwenye pua za wale majike. Yaani muda wote ule niliobana mkojo kwa ustaarabu, nilikuwa nawamwagia harufu kichwani.

Na yule muuza duka aliyeniuzia chupa ya dawa ya kuua harufu, eti ukijipulizia unakaa upande wowote wa upepo. Mkuu, mimi nakamua ng'ombe. Nanuka maziwa, mavi na jasho la Msukuma. Ile chupa ilinipa harufu ya nne tu.

Aliyenifungua macho ni mwenye shamba. Siku ya nane alinikuta naangalia kamera kama mtu aliyefiwa, akauliza swali moja: jioni unatokaje? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima urefu wa mti, nimekata matawi, nimehesabu hatua mpaka kwenye soya, na hilo sikuwahi kujiuliza. Kwa hiyo, ng'wanawane (mwanangu), tafuta njia ya kutokea kwanza, mti utaujua baadaye. Mti mzuri kuliko yote shambani, kama kushuka kwake lazima uwafukuze, una jioni moja tu ndani yake. Labda mbili.

Mzee alinipa ujanja mmoja wa haraka, nao nakupa bure. Kama hamna mahali pengine kabisa, shemeji yako aje kukuchukua na gari, aingie nalo shambani mpaka chini ya mti. Wale wanyama wanaona trekta na pikapu kila siku ya Mungu. Watasogea msituni bila kufikiria mti. Wewe shuka injini ikiwa inanguruma, ingia, ondokeni. Mimi nilikuwa naishi peke yangu, nani anifuate?

Mwaka uliofuata niliondoka kabisa pembeni ya soya. Nilirudi ndani ya msitu kama mita themanini, kwenye njia wanayopita kutoka wanakolala, juu ya korongo kavu linaloteremkia upande wa pili, mbali na shamba. Hapo kulikuwa na mwaloni mweupe uliokuwa unaangusha matunda yake. (Ndiyo, nimeshawasimulia watu wa hapa Mwanza kwamba nilikaa mwaloni jioni sita sikupata kitu, wakadhani nasema Mwaloni, soko letu la dagaa pale Kirumba, wakaniuliza kwani dagaa wamepanda bei?) Wanapita hapo bado kuna mwanga, wanaokota matunda, wanaendelea kwenda kula. Giza likiingia wao wako chini kwenye soya, harufu yangu inashukia korongoni, na mimi nashukia hukohuko korongoni mpaka barabarani. Nilikaa pale jioni sita na hakuna aliyejua nipo. Ya saba nikapata jike, mita kumi na sita. Nilisonga ugali wa sembe niliyoletewa kutoka nyumbani, ile nyama nikaikaanga na vitunguu tu, na sikuzungumza na mtu mpaka nimemaliza. Yule dume sikumpata mpaka narudi Mwanza.

Halafu hizo picha zako za mwezi wa nane zisikulevye. Soya ikiwa kijani wanaipenda, majani yakianza kuwa manjano wanaiacha, na hiyo ni hukohuko Septemba unakokwenda. Madume nao wakishasugua pembe lile kundi lao la kiangazi linavunjika, kila mmoja anashika lake. Kabla hujafunga kiti chochote muulize yule mzee wenu soya yake imefikia rangi gani.

Asubuhi au jioni? Jioni. Alfajiri wao bado wako shambani, na wewe unapita gizani katikati yao kwenda kwenye kiti. Ni kosa lilelile, limegeuzwa tu kichwa chini. Lala. Novemba madume wakianza kufuatana na majike mambo yanabadilika, lakini wewe utakuwa umesharudi. Viatu sikumbuki uliuliza nini. Ncha za mishale waulize wengine humu, nisije nikaanza vita.

Kivuko kimefika. Chukua picha ya shamba kutoka angani uiweke hapa, uchore mstari mwekundu kutoka mtini mpaka kwenye gari, saa mbili usiku, wanyama wakiwa ndani ya soya. Mstari ukigusa soya hata kwa kidole, usinionyeshe huo mti.