Usingoje Uzee Kuwatafuta Wenzako wa Ughaibuni

Msomaji mmoja ameniuliza kama inafaa asafiri kwenda kuonana na wenzake aliotoka nao nyumbani miongo kadhaa iliyopita, ilhali baadhi yao wamemzidi kwa mali na vyeo. Nami niliyefundisha kemia ugenini kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, tena bila kubebwa na mtu, ninamjibu kwa kisa cha mwanasayansi wa Kipolandi, Ignacy Domeyko.

Domeyko alizaliwa mwaka 1802. Akiwa Vilnius, iliyokuwa chini ya Urusi, alikamatwa mwaka 1823 pamoja na mshairi Adam Mickiewicz kwa ajili ya chama chao cha siri. Uasi wa Wapolandi wa 1830–1831 uliposhindwa, aliishia Paris, akasomea mambo ya migodi, na mwaka 1838 akaenda Chile kwa mkataba wa miaka sita wa kufundisha kemia na elimu ya madini. Miaka hiyo sita ikawa arobaini na sita, na kati ya 1867 na 1883 alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Chile.

Aliporejea Ulaya mwaka 1884, Mickiewicz alikuwa amefariki tangu 1855. Hata hivyo alimkuta Ufaransa mshairi Bohdan Zaleski, mkimbizi mwenzake waliyezaliwa mwaka mmoja, wakaonana wote wakiwa wamepita miaka themanini. Mwaka 1886 Zaleski naye akafariki.

Mimi nilipoitwa na wenzangu, nilikwenda. Mmoja wao, ambaye zamani nilimlipia nauli ya kuondokea, alinipa mkono huku akitazama pembeni, na mpaka leo jambo hilo linanichoma. Lakini wengine walinikalisha mpaka alfajiri wakiniuliza habari za marehemu wetu, na hakuna aliyeuliza mshahara wangu. Basi nendeni, ndugu zangu! Ulizeni kwanza nani yu hai, andikeni barua kabla ya kufika, na vyeo viacheni mlangoni. Anayewadharau mwacheni na dharau yake.

Wala msidhani kwamba kwenda ni kuhamia. Domeyko alikaa Ulaya miaka michache, akatunukiwa udaktari wa heshima Kraków, kisha mwaka 1888 akarudi Chile, ambako alifariki Januari 1889. Kata tiketi ya kwenda na kurudi.