Uvimbe Kiganjani mwa Mtoto: Pima Mpigo Kabla ya Kushika Wembe

Mtoto mdogo analetwa zahanati na uvimbe kiganjani, ukubwa wa punje ya njugu. Anayemwona huwaza jipu, uvimbe wa maji, au mwiba wa ua wa kei-apple uliobaki ndani, na kwa kawaida hakosei. Lakini mara chache sana huwa ni aneurisimu: ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iliyofura pale ukuta wake ulipodhoofika, kama tyubu ya baiskeli. Ukipasua ukitafuta usaha, utapata damu inayoruka. Likitokea hilo, bana kwa shashi na kidole palepale inapotoka, inua mkono, na usiachie hadi hospitali. Usichovye koleo ndani kwa kubahatisha. Neva ya vidole imelala ubavuni mwa ateri, na ukiibana utaongeza jeraha la pili.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Weka vidole viwili pande mbili za uvimbe, bila kukandamiza, uhesabu sekunde 30. Uvimbe wa kawaida uliokalia ateri huinuliwa tu na mpigo. Aneurisimu husukuma vidole vyako viachane. Kisha bana ateri kwenye kifundo cha mkono uone kama uvimbe unalegea. Weka na stethoskopu, usikilize mvumo.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza: uvimbe usiopiga unaweza bado kuwa ateri, kwa sababu damu ikiganda ndani mpigo hupotea. Basi tazama vidole. Ncha iliyopauka, baridi, au yenye vidoa vyeusi chini ya ukucha inaonyesha kwamba vipande vya damu iliyoganda vimeanza kusafiri. Huyo hangoji kliniki ya wiki ijayo.

Uliza kama mtoto alikatwa na chupa au mabati, au aliwahi kuchomwa sindano kwenye ateri ya mkono akiwa amelazwa. Uliza pia kuhusu homa iliyodumu siku 5 au zaidi pamoja na macho mekundu na midomo iliyopasuka, kwani ugonjwa wa Kawasaki huharibu kuta za ateri, na maambukizi ya ndani ya moyo hufanya vivyo hivyo. Ukishuku mojawapo, moyo upigwe ultrasaundi na damu ioteshwe maabara kutafuta vijidudu. Na wazazi, tafadhali: msiukande uvimbe huo, si kwa maji moto wala kwa mafuta. Kukanda kunaweza kung'oa damu iliyoganda na kuituma vidoleni.

Picha ya kuanzia ni ultrasaundi ya Doppler, inayoonyesha damu inavyotiririka, maana haina mionzi na mara nyingi haihitaji dawa ya usingizi. Mpiga picha aulizwe waziwazi: upana ni milimita ngapi, ndani kuna damu iliyoganda, na kila kidole kinapata damu kutoka wapi? CT au MRI ya mishipa hufuata kama daktari anahitaji ramani. Hapa Nairobi, omba barua ya rufaa ya upasuaji wa plastiki au wa mishipa, kwa mfano katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na mtoto awe ameshaandikishwa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali) kabla ya kulazwa.

Upasuaji wenyewe hutegemea swali moja: ateri hii ikiondolewa, vidole vitaishi? Mtoto mdogo hawezi kukunja ngumi kwa amri, kwa hiyo mkono huinuliwa na kukamuliwa taratibu, ateri zote mbili za kifundo zibanwe, kisha iachiliwe moja huku kipima oksijeni kikiwa kidoleni. Jibu la mwisho hupatikana kwenye meza ya upasuaji. Mkanda wa hewa, wa kuzuia damu kwa muda, hufungwa juu ya kiwiko baada ya kuinua mkono tu. Kuufunga mkono bendeji ya mpira ili kukamua damu kunaweza kusukuma vipande mbele. Kiganja hukatwa kwa msitari wa zigizaga, kwani kovu lililonyooka hujikunja mtoto anapokua na kuvuta kidole. Neva hutengwa, ateri hubanwa juu na chini ya uvimbe, kisha mkanda hulegezwa. Vidole vikirudi vyekundu na damu ikirudi kwa nguvu kutoka upande wa chini, ateri hufungwa na uvimbe kutolewa. Vikibaki vyeupe, ncha huunganishwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba sana, wa 9-0 au 10-0. Pengo likiwa kubwa, huwekwa kipande cha vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) kilichogeuzwa ili vali zisizuie damu. Uvimbe upelekwe patholojia, maabara inayochunguza tishu, kila mara, hata ukionekana wa kawaida.

Baada ya upasuaji, plasta ngumu ya mkono ipite juu ya kiwiko, la sivyo mtoto ataivua, lakini ncha za vidole zibaki wazi. Siku ya kwanza zikaguliwe kila saa: bonyeza ncha hadi ipauke, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Kidole kikipauka au kupoa, plasta ifunguliwe na daktari wa upasuaji aitwe saa hiyo hiyo. Baadaye ultrasaundi irudiwe, na katika baridi ya Julai mtoto avae glavu. Akilalamika kwamba kidole kinauma na kupauka asubuhi, arudishwe kliniki.